Uzi wa shukrani: taja fundi au msanii aliyekukuza bila yeye kujua (watu wa Kusini tuanze)

KaraniWaGhala (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu.

Arobaini ya mama ilipita mwezi uliopita. Baada ya dua tukakaa ndugu watano hapa Chikongola kugawana vilivyobaki. Kaka mkubwa akachukua baiskeli na redio. Dada zangu wakagawana kanga na masufuria. Kitanda kikaenda kwa mdogo wetu anayeanza maisha. Ikabaki mbuzi ya kukunia nazi, imelala uvunguni, hakuna aliyeinyooshea mkono. Nikasema naichukua mimi. Wakacheka mpaka wakafuta machozi, na nadhani walihitaji kucheka. Mwanaume wa miaka 46 na mbuzi ya nazi wapi na wapi.

Jana usiku nikaigeuza niifute vumbi. Kikalio kimelika katikati, kimeshika umbo la mama. Kwa chini, upande unaotazama sakafu, kuna mjusi. Wa kuchongwa. Urefu wake kama kidole gumba, mkia umepinda kushoto kama ndoana, macho yametobolewa kwa msumari wa moto maana tundu zake bado zina weusi wa kuungua. Mgongoni ana mistari ya ncha ya kisu. Nimeihesabu, kumi na moja.

Nikamkumbuka palepale. Nikiwa mdogo nilikuwa nalala chali kwenye mkeka jikoni, mama anakuna nazi, mimi namtazama mjusi toka chini. Niliamini kabisa kwamba tui likiwa jepesi ni yeye kalinywa. Nimewapigia simu dada zangu, hawamkumbuki. Mama mwenyewe aliikalia ile mbuzi zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kumsikia akimtaja.

Sasa najiuliza, fundi alimchonga kwa ajili ya nani? Mnunuzi sokoni haangalii chini ya kikalio. Bei haikupanda hata senti kwa sababu ya mjusi. Mimi naona alijua kwamba kwenye nyumba inayokuna nazi hakosekani mtoto anayegaagaa sakafuni.

Huyo fundi simjui. Mama alikuwa akisema ametoka juu, ama Newala ama Tandahimba, anashuka msimu wa korosho watu wakiwa na hela, kafunga vigoda, miiko na mbuzi kwenye baiskeli. Basi.

Ndiyo maana nimefungua uzi. Sharti ni moja: usiandike "nawashukuru wasanii wote". Taja kazi moja, useme ilikufanyia nini. Nawasilisha.

DerevaMingoyo

Pole kwa msiba mkuu. Umenikumbusha mbali.

Mimi namtaja Mbaraka Mwinshehe. Alikufa kwa ajali ya gari huko Kenya Januari 1979, mimi nikazaliwa 1985, kwa hiyo hatujawahi kuvuta hewa moja. Nimeanza utingo nina miaka 16, lori la korosho, Mtwara kwenda Dar. Vijana wa leo mnapanda basi asubuhi, jioni mnakula chipsi Mbagala, hamjui tulikotoka. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 tulikuwa tunalala foleni ya kivuko pale Ndundu. Na masika kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga mnaweza kukaa siku nne mnachimba matope, mnakula mihogo mibichi.

Dereva wangu alikuwa na kanda moja tu ya Mbaraka. Kuirudisha nyuma tulikuwa tunaizungusha kwa kalamu ya Bic, tusimalize betri. Usiku mbu wanatula, magari yamezama, linaanza lile gitaa. Wanaume waliotukanana mchana kutwa juu ya nani aondoe gari lake kwanza, wananyamaza wote. Mzee mmoja wa Kilwa alikuwa anacheza peke yake mbele ya taa za lori, kavua viatu, matope mpaka magotini.

Mpaka leo nikisikia solo ile nanusa matope ya Somanga. Marehemu Mbaraka, asante. Ulitutoa usiku mwingi.

BintiUkili

Niko siti ya mbele kabisa. 👏

UstadhMikindani

Mleta mada pole kwa kufiwa, Allah amrehemu mama yetu. Shukrani ni jambo jema. Ila mjusi kafiri ndani ya nyumba ya Muislamu, tena chini ya makalio ya mzazi, hapo fundi alikosea. Angechonga ua.

Mimi nawataja mafundi wa milango. Njooni Mikindani mtembee polepole, majumba mengi ya zamani yamebaki magofu lakini utakuta fremu bado imesimama, ina maua na mnyororo umezunguka pembeni. Jina la tajiri mwenye nyumba utatajiwa na wazee. Jina la aliyeshika patasi hakuna anayelijua. Kilwa Kisiwani vilevile. Ibn Battuta alifika pale 1331 akausifu mji, sultani kamtaja kwa jina na ukarimu wake. Waliokata matumbawe, wakayachoma kupata chokaa, wakaunga kuba za msikiti, hao wamepita kimya. Nimeswali rakaa mbili pale nikawaombea.

DerevaMingoyo

Ustadh, aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim ni mjusi wa nyama. Huyu wa mti hana pumzi, msamehe.

UstadhMikindani

Naona umesoma madrasa ukaishia hapo kwenye mjusi.

Mwalimu_Lindi

Nacheka peke yangu hapa ofisini.

Wana Lindi tunajisahau. Kila siku tunasifu washairi wa Mombasa na Unguja, sisi tunaye Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, aliyeutunga utenzi wa Vita vya Maji Maji. Ulichapwa kitabu 1957, miaka hamsini kamili tangu vita viishe. Vita vyenyewe vilipiga kwetu: Kilwa, Liwale, Masasi.

Sasa nieleze alinifanyia nini, maana mleta mada ana masharti kama benki. Nilipangiwa shule moja huko ndani nikiwa mwalimu mpya wa Kiswahili. Kidato cha pili, wanafunzi zaidi ya themanini, madawati ishirini na kitu, saa nane mchana. Ukitaja neno "mizani" wanalala. Siku moja nikaacha kufundisha, nikaanza kuusoma tu ule utenzi kwa sauti. Mizani nane, kituo, nane, kituo. Mtoto mmoja nyuma akaanza kugonga dawati. Sikumkataza. Wa pili akaingia. Kufika ubeti wa kumi darasa zima ni ngoma, na mimi nasoma juu yake kama mgonjwa aliyepandisha. Mkuu wa shule akaja mbio akidhani kuna fujo.

Tangu siku ile sikuwahi kumweleza mtu tena mizani ni nini.

Huyo bwana aliandika ili watu wasisahau vita. Mimi kaniokoa kwenye kipindi cha saa nane, sidhani kama alikusudia.

BintiUkili

Zamu yangu. Mimi simjui ninayemshukuru, na hakuna anayemjua.

Nilichumbiwa nikiwa na miaka 22. Mwanaume ana nyumba ya vigae, Shangani, ana gari, mahari katoa bila kuomba kupunguziwa. Nyumbani wote wamelewa furaha. Shangazi yangu peke yake alikuwa hasemi kitu. Kwetu shangazi hawezi kukaa kikao akapinga mchumba wa mtoto wa kaka yake baada ya mahari kuliwa, itakuwa fitina. Alichofanya, wiki moja kabla ya ndoa aliniletea doti ya kanga, kaikunja vizuri kwenye mfuko wa rambo, akaaga akaenda zake. Nikafungua. Jina la kanga: NYUMBA NJEMA SI MLANGO.

Mnajua inavyoendelea: fungua uingie ndani. Nikaanza kufungua. Nikauliza huku na huku, siku tatu tu nilipata habari za mke wa kwanza aliyeko Masasi na kilichomtoa. Mahari ikarudi. Sitaeleza zaidi.

Maneno yenyewe ni methali, sawa, ya wahenga. Lakini kuna mtu alikaa ofisini mahali fulani, ana orodha ya maneno mbele yake, akachagua haya yaende kwenye kitambaa cha msimu ule. Mombasa wanajua wa kwao: kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ipo tangu 1887, kanga zake ndizo zile zenye "Mali ya Abdulla" pale ukingoni. Ila watunzi wa majina hawatii sahihi. Tunajifunga maneno yao kiunoni, tunaolewa nayo, tunazikwa tumefunikwa nayo.

Wewe uliyechagua, mwanamke au mwanaume, uko hai au umekufa: watoto wangu watatu ni wako kidogo.

KaraniWaGhala (mleta mada)

BintiUkili hapo umeniweza. Nimesoma mara mbili.

NkondeHalisi

Mimi lipiko, kile kinyago cha kuvaa cha Wamakonde. Nilikuwa mdogo sana, sherehe ya kuwatoa vijana jandoni. Lile likinyago lina nywele za kweli, chale za nta usoni, linatazama watu moja moja kama linatafuta mdeni wake. Nilikimbia nikaingia kwenye banda la mbuzi (wa nyama, si wa nazi). Cha ajabu lile sura lilifanana na babu yangu aliyekufa mwaka ule, mdomo uleule wa juu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba aliyechonga alikuwa

MzeeWaTandahimba

Kijana, umefika. Geuza.

NkondeHalisi

Nimegeuza mzee. Shikamoo.

MzeeWaTandahimba

Marahaba. Mengine yana mahali pake. Mshukuru hukohuko.

KijanaWaMtaa88

Mbona mnataja wazee tu? Mimi Harmonize. Mtoto wa Chitoholi, Tandahimba. Kabla yake ukienda Dar ukisema unatoka Mtwara unaigizwa lafudhi, unaulizwa unakula panya. Leo watu ambao hata Rufiji hawajavuka wanajiita Konde kama yeye. Mtu akinitania lafudhi namwambia lipa kwanza, hii siku hizi ina hela. Nimemaliza.

Na Tingatinga pia, wa kwetu.

MtaniTunduru

Tingatinga wa KWETU. Edward Said Tingatinga kazaliwa Tunduru, 1932. Tunduru iko Ruvuma. Mmetuchukulia korosho sokoni mnasema za Mtwara, na mtu pia mnataka? Alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 60 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za dari, akauawa 1972 kwa risasi ya polisi waliomfananisha na mtu mwingine. Alichora miaka michache tu, na leo mitaa mizima inakula kwa mtindo wake.

KijanaWaMtaa88

Samahani mtani. Korosho hatuwarudishii.

MpwaWaMchongaji

Wakuu nimesoma uzi wote toka juu, mzuri, unatoa machozi. Sasa niwaharibie starehe.

Mimi mjomba wangu ni mchongaji, pale Mwenge, Dar, miaka zaidi ya arobaini. Nimekulia kwenye vumbi la mpingo, ukipenga kamasi linatoka jeusi. Mnajua kazi yenyewe? Gogo linakuja, kwanza tezo kuondoa ule weupe wa nje mpaka ukutane na weusi. Hapo unalitazama. Mjomba anaweza kulitazama siku mbili, anakunywa chai, hagusi. Halafu patasi, halafu tupa, halafu msasa wa aina tatu. Kiwi mwishoni kidogo tu, kwa kung'arisha. (Ukiona kinyago chote kinanuka kiwi na ni chepesi, huo si mpingo, umepigwa.) Kinyago cha ujamaa, watu wamebebana kumi na tano kwenye gogo moja, ni miezi. Mikono yake siku hizi haikunji ngumi.

Na hiyo miezi anakuja mtu mwenye duka la watalii, anatoa hela ya wiki moja, anaondoka. Dukani kinawekwa kibandiko cha bei. Jina la mchongaji hakuna. Mjomba aliwahi kuingia duka moja akaona kazi yake, bei mara kumi na mbili ya aliyolipwa. Akaishika. Mlinzi akamwambia mzee usiguse.

Mnasema asante kwa waliokufa na wasiojulikana, ni rahisi, hawadai. Asante haijazi kibaba. Waliobahatika kujulikana hata majina ni wachache: Samaki Likankoa aliyeanzisha vinyago vya mtindo wa mashetani miaka ya 50, George Lilanga wa Masasi ambaye aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar, kama mlinzi wa usiku, akaishia kazi zake zinatundikwa Ulaya na Marekani. Lilanga kafa 2005. Mngapi hapa kutoka Masasi mmewahi kumsikia kabla sijaandika?

DerevaMingoyo

Mimi sikuwahi. Na Masasi napita mara mbili kwa wiki.

KilwaMasoko_

Mpwa, umegusa mpingo niongeze kidogo. Mpingo wa kwetu Kilwa unakatwa pia kwa ajili ya klarineti na oboe, zumari za Wazungu. Mti unachukua miaka sabini na zaidi kufaa kukatwa. Vijiji vyetu vilipata cheti cha FSC (cha kimataifa, cha msitu unaotunzwa vizuri) 2009 kwa kuusimamia msitu wenyewe, tukawa wa kwanza Afrika kwa misitu ya asili ya vijiji. Siku moja nilionyeshwa kwenye simu bendi kubwa ya Ulaya inapiga, mtu kavaa suti, kashika kitu cheusi. Nikamwambia mwenzangu yule kashika Kilwa mdomoni.

Yule hajui kama tupo, na mimi nilifurahi tu. Ila ulichosema ni kweli, sikubishii.

KaraniWaGhala (mleta mada)

Mpwa umenichoma, na nimechomeka. Nilikuwa naandika hapa nikijiona mwema. Sijamtafuta huyu fundi hata kwa kuuliza mtu mmoja. Naweka picha ya mjusi. Kuna anayemjua?

MtotoWaKitangari

Mleta mada nitumie ujumbe wa pembeni SASA HIVI. Huyo mjusi namjua. Nyumbani kwetu kuna kigoda, mguu mmoja kwa ndani una mjusi, mistari mgongoni hivyohivyo. Babu jirani. Yuko hai.

BintiUkili

😳

NkondeHalisi

Tunasubiri mrejesho. Mleta mada usituache njiani kama wale wa "nitarudi".

*(Siku kumi na nane baadaye)*

KaraniWaGhala (mleta mada)

Nimerudi wakuu. Samahani kwa kimya, ni msimu, ghalani hatulali, malori yanashusha mpaka usiku wa manane.

Jumapili nilipanda juu. Costa mpaka Newala, bodaboda mpaka Kitangari, mbuzi nimeifunga kwenye gunia la sandarusi nimeipakata. Kondakta alitaka kunitoza ya mzigo.

Mzee yupo. Jina kaniomba nisiliweke mtandaoni, anasema watu watakuja kutaka vigoda vya bure. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli. Nilimkuta chini ya mkorosho anabangua korosho zake za kula kwa kupapasa.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikasalimia, nikakaa, nikamwekea mbuzi mapajani, nikasema mzee nimekuja kukushukuru. Hakunijibu. Aliigeuza, na dole gumba likaenda moja kwa moja kwa mjusi kabla sijamwambia pa kushika. Akapita mgongoni kwa ukucha, mstari mmoja mmoja. Alipofika mkiani akasimama.

"Hapa kisu kiliniponyoka," akasema. "Mkia ulikuwa uende kulia."

Nikamuuliza kwa nini alimweka chini, pasipoonekana. Nilikuwa nangoja aseme neno la mtoto. Akasema ubao ulikuwa na fundo bovu pale, angeliacha wazi wanawake wa mjini wangesema kawauzia mti mbovu, kwa hiyo kila penye fundo anakwangua kidogo anaweka mjusi. Vilivyo safi havina kitu. Kwa hiyo wakuu ile nadharia yangu ya mtoto anayegaagaa imefia Kitangari. Nilimweleza nilivyokuwa nalala chali namtazama. Akacheka sana, akakohoa, akamwita mjukuu aje kusikia: "Huyu alikuwa anamtazama mjusi wa fundo!"

Kisha akanyamaza, akauliza, "Mama yako alinimalizia hela?"

Nikasema sijui mzee, mama katangulia. Akasema pole. Akafikiri. Akasema wa Chikongola walikuwa wakopaji wakubwa, na kwamba kwenye mbuzi hii ilibaki shilingi kumi na tano. Sijui alikumbuka kweli au alikuwa ananipima. Nilikuwa nimekuja na sukari, kanzu na bahasha yenye hela, nikampa. Vyote alipokea kwa mikono miwili kama zawadi. Lakini lile deni alitaka liwe peke yake. Nikatoa elfu kumi na tano nje ya bahasha. Aliikunja ndogo, akaitia ndani ya kofia, akasema tumemalizana.

Mbuzi nimeiacha hukohuko. Kasema meno yameisha, ninakunaje nazi na kitu kama hicho. Mjukuu atatia chuma kipya, niifuate baada ya wiki mbili.

MpwaWaMchongaji

Mkuu. Nimemsomea mjomba hapa kibandani, kaacha patasi. Kanituma nikuulize: fundo lilikuwa upande gani wa mkia?

UstadhMikindani

Mkia ungekwenda kulia ningemsamehe.